Maneno Yakimezwa na Shaba

Mshairi wa pwani akiulizwa wimbo ni kitu gani, aghalabu hufikiri kwanza maneno, kisha ndipo ayakumbuke mahadhi. Husema "nimetunga wimbo" hali bado hajui utaimbwaje. Kwetu sisi maneno ni shehena na sauti ni jahazi, na jahazi tupu halina wa kulipokea bandarini. Kwa mawazo hayo, iko kazi moja ya wanamuziki wa Ulaya na Marekani itakayomshangaza msomaji wa jarida hili. Wao huchukua nyimbo za karne ya 19 zilizotungwa kwa waimbaji wawili na piano, wakaziondolea maneno yote, wakazikabidhi kwa ala nzito za shaba: tromboni, eufonia na tuba. Tromboni ni ile yenye mrija wa kuvutwa mbele na nyuma. Tuba ni ile kubwa inayokumbatiwa, ambayo watu wetu huiita besi. Na eufonia ni ndugu mdogo wa tuba, mwenye sauti laini. Piano inabaki mahali pake, lakini mtunzi wa shairi, ambaye ndiye aliyekuwa sababu ya wimbo, anatolewa nje.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa jambo hilo si geni kwetu kama linavyoonekana. Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, zimepitia karibu kila hatua yake katika muda wa miaka mia moja: lahani ikaja ikavishwa maneno mengine, sauti za watu zikaingizwa katika pembe ya mashine zikachukuliwa, shaba ikaja na majeshi kisha ikaondoka. Kutokana na historia hiyo ninatoa hoja moja. Wimbo ukihamishwa, kinachovuka chenyewe bila kusaidiwa ni uhusiano wa wale wawili wanaoimba: nani anauliza na nani anajibu, nani anafuata na nani anakataa. Maneno hayavuki yenyewe. Yasipobebwa kwa makusudi, hufa njiani.

Nyimbo za wawili

Tuanze na nyimbo zenyewe. Katika Ujerumani ya karne ya 19, piano ilikuwa imekwishaingia katika nyumba za watu wa kati, na watunzi wakawa wanaandika nyimbo za kuimbwa sebuleni na watu wawili waliosimama ubavu kwa ubavu. Mji wa Leipzig ulikuwa miongoni mwa vitovu vya sanaa hiyo. Felix Mendelssohn alikabidhiwa uongozi wa okestra ya Gewandhaus mwaka 1835, akaanzisha chuo cha muziki hapo mwaka 1843, na katikati ya miaka hiyo ya 1840 akachapisha nyimbo sita za wawili zijulikanazo kwa namba 63 ya kazi zake. Robert Schumann, naye akiishi Leipzig, alitunga mwaka 1840 nyimbo nne za soprano na teno, namba 34. Johannes Brahms aliwafuata, na mwaka 1877 na 1878 akatunga mkusanyo wa namba 75, ambao wimbo wake wa kwanza unaitwa "Edward".

Msomaji wa mashairi ataona mara moja kuwa nyimbo hizi ni za aina mbili. Katika aina ya kwanza, ambayo Mendelssohn aliipenda, wawili husema neno moja kwa pamoja. Sauti ya pili huifuata ya kwanza kwa karibu, kama do inavyoifuata mi, na hisia ni moja. Katika aina ya pili wawili hujibizana. Nyimbo mbili kati ya zile nne za Schumann zina maneno ya Robert Burns, mshairi wa Scotland, yaliyofasiriwa kwa Kijerumani: mwanamume yuko nje usiku anabisha, mwanamke yuko ndani anamjibu. "Edward" wa Brahms ni utenzi wa kale wa Scotland uliofasiriwa na Herder. Mama anamuuliza mwanawe kwa nini upanga wake unatona damu, mwana anakwepa, mama anauliza tena, hadi ukweli unatoka kuwa amemuua baba yake.

Aina hii ya pili haihitaji kuelezwa sana kwa watu wa mwambao. Muyaka bin Haji wa Mombasa, bingwa wa mashairi ya kujibizana, alifariki yapata mwaka huo huo wa 1840. Sisemi kuwa watu wale walijuana au kuathiriana, maana hapakuwa na njia. Nasema tu kuwa wakati Schumann alipokuwa akiwapanga mwanamume na mwanamke dirishani, pwani yetu ilikuwa na sanaa iliyokomaa ya watu wawili kusimama kila mmoja upande wake na kurushiana beti.

Na ala nzito za shaba ni za umri huo huo. Tromboni ni ya zamani, lakini vali, vile vibonyezo vinavyoiwezesha ala ya shaba kutoa noti zote, vilipewa hataza Ujerumani mwaka 1818, na tuba ilipewa hataza Berlin mwaka 1835, mwaka ule ule Mendelssohn alipoingia Gewandhaus. Eufonia ilikuja katika miaka ya 1840. Ila watoto hawa wa zama moja walilelewa nyumba mbalimbali. Wimbo wa wawili ulikaa sebuleni, shaba ikaenda jeshini. Watunzi wakubwa waliwaandikia wapiga tromboni na tuba kazi chache mno za kupiga peke yao, na upungufu huo ndio uliowafanya wapigaji wa baadaye waende kuazima kwa waimbaji. Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwaka 1928, Johannes Rochut alipochapisha Marekani mazoezi ya sauti ya Marco Bordogni, mwalimu wa waimbaji wa Paris, akiwa ameyapanga kwa tromboni. Tangu hapo vizazi vya wapiga tromboni vimejifunza kuimba kwa kufuata mazoezi ya mwalimu aliyefariki mwaka 1856.

Kazi ya mpangaji

Anayepanga wimbo wa wawili kwa shaba nzito na piano hukutana na matatizo ambayo mfasiri yeyote atayatambua, kwa kuwa ni matatizo ya tafsiri.

La kwanza ni kimo. Sauti za wanawake wawili zikishushwa oktava moja, zinaangukia mahali ambapo tromboni huimba vizuri. Zikishushwa oktava mbili ili tuba ipate sehemu, do na mi zilizokuwa zikisikika kama asali zinageuka tope, maana huko chini noti zilizokaribiana hugombana ndani ya sikio. Mpangaji hana budi kuzitenganisha: mi aiache juu kwenye tromboni na do aipeleke oktava nzima chini kwenye tuba. Lahani imesalimika, lakini waliokuwa wakitembea wameshikana mikono sasa wanaitana kutoka ng'ambo mbili za bonde. Akiamua badala yake kuiweka sauti ya kwanza chini ya ile ya pili, do na mi hugeuka mi na do ya juu, na aliyekuwa kiongozi anakuwa mfuasi. Hakuna njia isiyogharimu kitu.

La pili ni piano. Katika wimbo wa asili sauti za watu huelea juu ya mkono wa kulia wa mpiga piano. Zikiwa shaba nzito, zinazama chini ya mkono huo, na tuba inaweza kushuka chini hata ya mkono wa kushoto. Hapo msingi wa mlingano wote wa sauti unabadilika, kama nyumba ambayo chumba cha juu kimehamishiwa chini ya nguzo. Mpangaji mwenye busara hubadili ufunguo, au huuteremsha mkono wa kushoto wa piano, au hupunguza noti za mkono wa kulia ili zisiifunike lahani.

La tatu ndilo linalotuhusu zaidi. Nyimbo nyingi za aina hii zina beti tatu au nne zinazoimbwa kwa lahani moja. Mwimbaji hachoshi, kwa sababu kila ubeti una maneno mapya. Tromboni haina maneno mapya. Ikirudia lahani mara nne, msikilizaji husinzia katika ubeti wa tatu. Wapangaji huizunguka kasoro hiyo kwa kubadilishana sehemu kati ya ala, kwa kutia kizibo katika mdomo wa tromboni, au kwa kukata beti. Njia zote hizo ni ushahidi kuwa kuna kitu kimetoka, na kwamba mahali pake panajulikana.

Masasi, 1876

Sasa twende kusini. Masasi iko tambarare, kati ya vilima vya mawe vinavyosimama peke yake kama majabali yaliyosahauliwa. Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, ikiutazama mto Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Wakazi ni Wamakonde, Wayao na Wamakua, na kila lugha kati ya hizo ina toni: sauti ikipanda au kushuka mahali pasipotakiwa, neno linaweza kuwa jingine.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana iliyokuwa na makao yake hapa Unguja aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa, wengi wao wakiwa na asili ya nchi za Nyasa na Ruvuma, wakapitia Lindi wakaenda bara. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na makwao. Waliishia Masasi wakajenga kijiji. Steere ndiye yule aliyechapisha mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili na hadithi za Kiswahili, na ambaye kanisa lake la Mkunazini lilijengwa pale palipokuwa na soko la watumwa. Watu wale walikwenda Masasi wakiwa na Kiswahili cha Unguja na nyimbo za Kanisa la Uingereza zilizotiwa maneno ya Kiswahili. Mwaka 1882 Masasi ilivamiwa na Wangoni waliojulikana kwa jina la Magwangwara, na misheni ikahamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao.

Hapa pana upangaji wa aina ya kwanza: lahani inabaki, maneno yanabadilishwa. Tatizo lake linajulikana kwa kila aliyepata kuimba katika kwaya. Mistari mingi ya nyimbo za Kiingereza na Kijerumani huishia katika pigo zito, na Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Ukilitia neno "upendo" mwishoni mwa mstari wa namna hiyo, litaimbwa upendó, na "bahari" itakuwa baharí. Wamisionari waliosomea sarufi waliona haya. Kwa maoni yangu, mtu wa pwani hakuudhika sana, kwa kuwa ushairi wetu umezoea kuiheshimu silabi ya mwisho. Kina kinakaa hapo hapo, penye silabi isiyo na mkazo, na katika mahadhi silabi hiyo huvutwa atakavyo mwimbaji. Walioumia ni wenye lugha za toni. Kwa Kiyao au Kimakonde lahani ya kigeni haikosei mkazo tu. Yaweza kuharibu neno lenyewe.

Kuna wimbo mmoja unaoonyesha jinsi safari hizi zinavyoweza kuwa ndefu. Mwezi wa Juni 1840 mji wa Leipzig uliadhimisha miaka 400 ya uchapaji wa Gutenberg, na Mendelssohn akatunga kazi ya kwaya ya wanaume na bendi za shaba, iimbwe uwanjani. Baadaye aliandika kuwa lahani ya sehemu ya pili yaweza kupewa maneno mengine, ila ya dini hayataifaa. Alifariki mwaka 1847. Mwaka 1855 Mwingereza William Cummings akaichukua lahani hiyo hiyo akaiunganisha na maneno ya Charles Wesley ya mwaka 1739, ukatoka wimbo wa Krismasi wa malaika na Mfalme aliyezaliwa, ambao leo Waanglikana wanaujua popote walipo. Lahani iliyozaliwa kati ya matarumbeta kwa ajili ya sherehe ya wachapaji imekuwa wimbo wa kanisani. Mtunzi alikosea katika utabiri wake, lakini hakukosea kuuliza kama lahani na neno vinafaana, na swali hilo ndilo ambalo mpangaji hana ruhusa ya kulikwepa.

Pembe ya Newala

Mwaka 1905 moto wa Maji Maji uliifikia Masasi, na misheni ikachomwa. Mwaka uliofuata alifika Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho. Alitoka Leipzig, mji ule ule wa Mendelssohn na Schumann. Alipita Lindi, Masasi, Chingulungulu na Newala, na kati ya mizigo yake mlikuwa na kinasa sauti cha mitungi ya nta.

Mashine hiyo haikuwa na umeme. Mwimbaji alisogea karibu na mdomo wa pembe, akaimba ndani yake. Nguvu ya sauti yake peke yake ndiyo iliyoisukuma sindano ikachora nta. Mtungi mmoja uliweza kubeba dakika chache tu. Wimbo wa ngoma, ambao kwa kawaida huenda usiku kucha, ulilazimika kukatwa uingie humo. Na mwimbaji wa uwanda ule hakuzoea kuimba peke yake na kimya nyuma yake. Ngoma za kusini zina mwanzishaji na waitikiaji. Mmoja hutupa neno, kundi hulidaka. Pembe moja ndogo iliwapokea walio karibu na kuwafifisha walio mbali.

Miongoni mwa waliomvutia Weule alikuwa mwimbaji kipofu aitwaye Sulila, ambaye alimtaja katika kitabu chake cha mwaka 1908. Mitungi ilikwenda Ujerumani. Hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, ndiyo iliyokusanya mitungi ya nta ya wasafiri wa zama zile, na mwaka 1999 UNESCO iliiandika katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia.

Mtu wa Leipzig aliondoka Newala na sauti zilizopitia pembe, kama vile mpangaji wa leo anavyozipitisha sauti za Leipzig katika pembe ya tromboni. Tofauti ni katika maneno. Anayezipanga nyimbo za Schumann akitaka kujua maneno aliyoyaondoa, atayakuta yamechapwa chini ya noti, pamoja na jina la mshairi na la mfasiri. Wimbo wa Kiyao au wa Kimakonde ulio katika nta hauna msaada huo. Maana yake ilikaa kwa waitikiaji waliojua ni nani anasemwa na kwa nini, na waitikiaji hao hawakuingia ndani ya pembe.

Shaba yenyewe inafika

Mwezi wa Oktoba 1917 yalipiganwa Mahiwa, bara ya Lindi, mapigano yaliyoua watu wengi kupita karibu yote ya vita vile katika Afrika ya Mashariki. Mwezi uliofuata Paul von Lettow-Vorbeck alirudi nyuma hadi uwanda wa Makonde. Huko alilipunguza jeshi lake, akawaacha wagonjwa na wasioweza kuendelea, akapita Newala na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Askari na wapagazi wa pande zote mbili walijaa katika nchi ile, na njaa ikaja nyuma yao.

Pamoja na majeshi ilisafiri ngoma ya beni. Msomaji wa visiwani haitaji kuelezwa beni ni nini, maana hapa kwetu imechezwa katika maharusi na sikukuu kwa miaka mingi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameonyesha kuwa ilizaliwa katika miji ya pwani kwa kuiga bendi za shaba za jeshi na gwaride lake, kisha vita vikaieneza bara. Vyama viwili, Marini na Arinoti, vilipata matawi Tanganyika nzima. Kila chama kilikuwa na wakubwa wenye vyeo, sare na nyimbo, na kila kimoja kiliishi kwa kushindana na mwenzake.

Kwa maneno mengine, beni nayo ilikuwa wimbo wa wawili. Marini bila Arinoti ni swali lisilo na jibu. Na pwani ilikuwa tayari kwa jambo hilo. Lamu na Pate zilikwisha kuwa na siwa, ya Lamu ikiwa ya shaba na ya Pate ya pembe ya ndovu, zilizopulizwa kutangaza enzi na sherehe za wakubwa. Sauti nzito ya shaba kwetu haikuwa mapambo, ilikuwa dai. Anayepuliza anasema: mimi nipo, wewe je?

Lakini ala za shaba ni ghali. Kadiri beni ilivyokwenda mbali na bandari, ndivyo shaba ilivyopungua. Ngoma kubwa ilibaki kwa kuwa yaweza kuchongwa. Matarumbeta yakarithiwa na vinywa vya watu. Kando ya Ziwa Nyasa, katika ngoma za mganda na malipenga, wachezaji hupuliza vibuyu vyenye utando vinavyotoa mlio wa kukwaruza kama wa shaba. Wayao wa Mangochi, upande wa Malawi, ndugu wa Wayao wa Masasi, wameendelea na beni kwa ngoma na sauti za waimbaji.

Jambo hili lafaa kutazamwa vizuri, kwa sababu ni kinyume kamili cha kazi ya mpangaji wa Ulaya. Yeye huanza na sauti na maneno, akaishia na shaba isiyosema. Watu wetu walianza na shaba isiyosema, ya gwaride la mabwana, na walipoikosa wakaweka sauti mahali pake. Sauti ilipoingia, maneno yalirudi, na hayakuwa maneno ya mabwana. Nyimbo za beni zilitukana wapinzani, zikatoa habari, zikawadhihaki wenye vyeo. Kwa hiyo ufukara wa ala, ambao mtu angeuhesabu kuwa hasara, uliifanya bendi ya jeshi iwe jukwaa la washairi.

Maaskofu wawili

Kanisa la Masasi nalo lilijifunza upangaji, ingawa halikuuita hivyo. Mwaka 1913 William Vincent Lucas, padri ambaye baadaye alikuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alianza kuendesha jando la Kikristo. Hakulifuta jando la wenyeji. Alihifadhi umbo lake, akaondoa yale ambayo kanisa halikuyakubali, akatia sala mahali pake. Wako waliomsifu kwa kuiheshimu mila, na wako waliosema kuwa mila iliyotolewa kiini si mila tena. Mabishano hayo ndiyo yale yale ya mpangaji: je, umbo likisalimika, kitu chenyewe kimesalimika?

Mwaka 1960 akaja Trevor Huddleston, akakaa hadi 1968. Kabla ya Masasi alikuwa padri na mwalimu Johannesburg. Huko alimpatia kijana Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza, ikaundwa bendi ya vijana iliyobeba jina la Huddleston, na Jonas Gwangwa akapiga tromboni ndani yake. Louis Armstrong alipoombwa, aliwapelekea vijana hao tarumbeta kutoka Marekani. Masekela na Gwangwa walikwenda uhamishoni, na ala zao zikausemea umma wa Afrika ya Kusini kwa miaka thelathini.

Watu hupenda kusema kuwa ala yao ilisema bila maneno. Mimi nadhani si hivyo. Masekela aliimba mwenyewe katika kazi zake nyingi, na wasikilizaji wake walijua kila lahani inahusu gari-moshi gani, mgodi gani, kifungo cha nani. Shaba ilisema kwa sababu maneno yalikuwa yamekaa tayari katika masikio ya watu. Ikipulizwa mbele ya asiyeyajua, ni sauti nzuri, basi.

Tufanye nini

Leo ala za shaba zimeenea Tanzania kuliko wakati wowote. Makanisa ya Kilutheri ya kaskazini yana vikundi vya tarumbeta vilivyoanza kwa desturi ya Kijerumani, na Dar es Salaam matarumbeta hayakosekani katika misafara ya maharusi. Vijana wanaopuliza tuba wapo. Nyimbo za wawili za Mendelssohn na Schumann hazina tena mwenye haki ya kuzidai malipo, na piano zipo japo chache. Hakuna kizuizi cha mtu wetu kuzipanga. Swali ni azipange vipi.

Jibu langu ni la mfasiri. Kwanza, achague nyimbo za kujibizana kabla ya zile za kukubaliana. "Edward" wa Brahms, akigawanywa kwa tromboni na tuba, hupoteza Herder na Scotland, lakini mama bado anauliza na mwana bado anakwepa. Msikilizaji wa Newala aliyelelewa katika ngoma za kuitikia ataelewa kuwa kuna jambo linafichwa. Nyimbo za do na mi zinazotembea pamoja zinahitaji ukaribu ambao tuba haiwezi kuutoa.

Pili, aandike maneno chini ya noti hata kama hakuna atakayeimba. Ayaandike kwa Kiswahili, tafsiri yenye pumzi na vituo mahali pake, ili mpigaji ajue wapi avute hewa na wapi aubane ulimi. Mpiga tromboni asiyejua neno linaishia wapi hukata sentensi katikati kama msomaji anayesoma lugha asiyoijua. Na kabla ya kupigwa, ubeti usomwe kwa sauti mbele ya watu. Gharama yake ni dakika moja.

Tatu, na hili ndilo zito, safari isiwe ya upande mmoja. Nyimbo za Kiyao, Kimakua na Kimakonde nazo zitapangwa kwa shaba, kama hazijapangwa bado, na katika lugha za toni lahani imebanana na neno kuliko ilivyo katika Kijerumani au Kiswahili. Mpangaji atakayeziokota kutoka katika nta ya 1906, au kutoka katika ngoma ya jana, bila kukaa na wanaozijua, atapata noti sahihi za jambo asilolijua. Wazee wanaoweza kusema mstari huu ulimlenga nani, na kundi liliitikia nini, wapo bado katika vijiji vya Masasi na Newala. Mitungi ya Berlin inaweza kusubiri, kwa sababu imehifadhiwa mahali pakavu na ina walinzi. Wazee hawasubiri.